Laptop imekuwa bubu: tafuta sauti inakokatikia kabla ya kupiga Windows upya

Laptop ikipoteza sauti, wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kuipeleka ikapigwe Windows upya, au kununua spika. Windows ikipigwa upya ilhali swichi iliyo ndani ya tundu la hedifoni imeshika kutu, sauti hairudi, na mafaili yasiyokuwa na nakala yameshakwenda. Spika mpya zikifungwa ilhali draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, ndiyo iliyoharibika, nazo zitakaa kimya vilevile. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua sauti inakatikia wapi. Kazi hiyo haihitaji bisibisi, na sehemu kubwa yake haili hata bando.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na Windows 11. Majina ya menyu yameachwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, usije ukatafuta kitu kisichokuwepo.

Yanayomalizwa kwa dakika mbili

Tazama vitufe vya juu vya kibodi, F1 hadi F12. Kimoja kina picha ya spika iliyokatwa mstari. Kwenye HP na Lenovo nyingi kitufe hicho kina taa ndogo. Ikiwaka, sauti imefungwa. Kibonyeze peke yake, na kama hakuna kinachobadilika, kibonyeze pamoja na Fn. Mtoto akichezea kibodi, hapa ndipo anapopita.

Kisha washa mashine upya kwa Restart, si kwa Shut down. Watu hudhani ni kitu kimoja, lakini kwenye laptop nyingi Windows huja na Fast startup ikiwa imewashwa: ukizima kwa Shut down, inahifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski na kuirudisha hivyohivyo asubuhi. Draiva iliyoganda jana inaamka imeganda leo. Restart ndiyo inayofuta kila kitu na kuanza upya. Unaweza kuzima na kuwasha wiki nzima bila kupata sauti, halafu Restart moja ikairudisha.

Baada ya hapo cheza vitu viwili tofauti: wimbo uliomo ndani ya diski, na video kwenye kivinjari. Kimoja kikilia na kingine kikanyamaza, laptop yako ni nzima. Bofya kulia alama ya spika pale chini karibu na saa, fungua Volume mixer, upandishe programu iliyoshushwa. Kwenye Chrome, bofya kulia kichupo chenyewe. Kama kimeandikwa Unmute site, kilikuwa kimefungwa mdomo.

Upo ugonjwa mwingine wa aina hii kwa wanaosoma au kufanya mikutano kwa Zoom: simu ikianza, muziki na video hushuka hadi zikakaribia kupotea. Hiyo ni Windows yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter, nenda Communications, chagua Do nothing. Mpangilio wa kawaida hupunguza sauti nyingine kwa 80%.

Njia nne, na majibu yake

Hapa ndipo penye uamuzi wote, usiparuke. Sauti hutoka kwenye programu, ikapita huduma ya Windows inayoitwa Windows Audio, ikaingia kwenye draiva, ikafika kwenye chipu ya sauti iliyo kwenye mazabodi (bodi kuu ya laptop), na mwisho ikatokea spika au tundu la hedifoni. Bluetooth na vifaa vya USB haviigusi kabisa ile chipu ya mazabodi. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa majibu.

Tafuta hedifoni zenye waya ambazo umezijaribu kwenye kifaa kingine zikalia, na spika yoyote ya Bluetooth, hata ile ndogo ya dukani. Cheza wimbo uleule kwenye kila kimoja.

Hedifoni zikilia na spika za laptop zikanyamaza, chipu na draiva ni nzima. Lililobaki ni tundu la hedifoni, waya wa spika, au spika zenyewe. Achana na Windows, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya tundu hapo chini. Mashine za miaka ya karibuni zinaweza kuwa na kikuza sauti cha spika peke yake chenye draiva yake. Kwa hizo, pitia draiva kwanza.

Spika zikilia na hedifoni zikanyamaza, angalia ncha ya hedifoni. Yenye mikanda mitatu myeusi ni ya simu, ina maiki ndani yake. Laptop za zamani zenye matundu mawili tofauti, la maiki na la kusikilizia, zinataka ncha ya mikanda miwili. Ukichomeka ya mitatu, utasikia ala kwa mbali na sauti ya mwimbaji imepotea, au utasikia vizuri pale tu unapobonyeza kitufe cha maiki. Hakuna kilichoharibika.

Bluetooth ikilia lakini spika na hedifoni zote kimya, Windows Audio inafanya kazi. Tatizo liko kwenye draiva ya chipu au chipu yenyewe. Na vyote vikinyamaza, hata Bluetooth, tatizo liko juu kabisa: huduma ya Windows imesimama, au umefunga sauti bila kujua.

Uthibitisho mwingine: fungua mmsys.cpl, kwenye Playback bofya Speakers, halafu Configure au Properties utafute kitufe cha Test. Pembeni ya jina kuna vimstari vya kupimia. Vikipanda kwa kijani ilhali husikii kitu, Windows inatuma sauti na inapotelea mbele yake. Visipotikisika, haijatumwa.

Sauti imepelekwa kwingine

Laptop iliyofungwa kwenye televisheni au projekta kwa waya wa HDMI, kama zile zinazotumika kwenye vibanda umiza au kumbi za harusi, hupeleka sauti huko. Waya ukichomolewa, kwa kawaida hurudi kwenye spika, lakini si kila siku. Bofya alama ya spika, halafu kishale kilicho juu au pembeni ya kisogezo cha sauti, uchague Speakers. Kwenye Windows 11, vitufe vya Windows, Ctrl na V kwa pamoja hukufikisha hapohapo. Kinyume chake nacho hutokea: umeunganisha televisheni na bado sauti inatoka kwenye laptop. Dawa ni ileile, chagua jina la televisheni.

Kama Speakers haipo kwenye orodha, rudi mmsys.cpl, bofya kulia mahali patupu ndani ya Playback, weka tiki kwenye Show Disabled Devices. Ikitokea imefifia, bofya kulia, chagua Enable, kisha Set as Default Device.

Ukiwa hapohapo, fungua Properties za Speakers, nenda Advanced. Weka 16 bit, 48000 Hz. Mtu akiwa ameweka 192000 Hz akidhani ndiyo sauti nzuri zaidi, kuna programu zinazokataa kutoa sauti kabisa. Zima pia Enhancements, yaani nyongeza za kupendezesha sauti, kwa kuwa zikiharibika hunyamazisha spika bila kuonyesha kosa lolote.

Huduma zilizosimama

Peleka kishale juu ya alama ya spika usome kinachoandikwa. Ikisema huduma ya sauti haifanyi kazi, bonyeza Windows na R, andika services.msc. Tafuta Windows Audio Endpoint Builder na Windows Audio. Zote mbili ziwe Running, na Startup type iwe Automatic. Anza na ile ya Endpoint Builder kwa sababu nyingine inaitegemea: bofya kulia, Restart, ukubali itakapouliza kuwasha na mwenzake. Ikisema badala yake kwamba hakuna kifaa cha kutolea sauti, huduma hazina kosa. Nenda kwenye draiva.

Draiva

Sababu ya kawaida ya draiva kuharibika huku kwetu ni umeme kukatika wakati Windows inajisasisha, kwenye laptop ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa chaja. Draiva ya zamani imeshaondolewa, mpya haijamaliza kuingia. Kama betri yako ni hiyo, usiruhusu sasisho siku ambayo umeme unacheza.

Bonyeza Windows na X, chagua Device Manager, fungua Sound, video and game controllers. Unachotafuta ni jina kama Realtek, Conexant au High Definition Audio Device. Majina ya Intel Display Audio, NVIDIA au AMD ni ya sauti ya HDMI tu, yasikudanganye.

Jina likiwepo, na hasa likiwa na pembetatu ya njano, fanya haya kwa mfuatano:

1. Bofya kulia, Properties, ukurasa wa Driver. Kama Roll Back Driver inabonyezeka na sauti ilipotea baada ya sasisho, bonyeza. Draiva ya zamani imo ndani ya mashine, huhitaji intaneti.
2. Isipobonyezeka, chagua Uninstall device. Usiweke tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva. Fanya Restart. Windows itaipakia upya.
3. Bado kimya? Update driver, Browse my computer for drivers, kisha Let me pick from a list. Chagua High Definition Audio Device, ukubali onyo, Restart. Hii ni draiva ya jumla iliyomo ndani ya Windows. Sauti ikirudi, umejua kwamba chipu ni nzima na draiva ya kiwanda ndiyo mbovu.

Hatua hizo tatu hazigharimu hata megabaiti moja, ndiyo maana zinatangulia. Zikishindikana, ndipo unapakua. Kabla ya kupakua chochote, jua chipu yako ni ya nani. Kwenye Properties nenda Details, chagua Hardware Ids, tafuta VEN: 10EC ni Realtek, 14F1 ni Conexant, 111D ni IDT, 8086 ni Intel. Jambo hili lina uzito kwenye laptop zilizotumika zinazoletwa kutoka nje. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina chipu ya Conexant. Draiva ya Realtek uliyoazima kwa rafiki kwenye flashi haitaifaa hata uiingize mara ngapi.

Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptop, kwa namba ya mashine iliyobandikwa chini yake. Kwa Dell ni Service Tag yenye herufi na namba saba. Programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mkupuo mmoja ziache: hula bando, huleta matangazo, na mara nyingine huweka draiva isiyo yako. Kama kwenye System devices unaona Intel Smart Sound Technology yenye pembetatu ya njano, tengeneza hiyo kwanza, ndipo uingize ya Realtek. Kinyume chake, Realtek itakaa juu ya kitu ambacho hakijasimama.

Wanaotumia hotspot ya simu wana mtego wao. Kama umeiwekea alama ya Metered connection ili kuokoa bando, Windows haitapakua draiva kwa njia hiyo mpaka uruhusu kwenye Settings, upande wa Devices, palipoandikwa Download drivers and device software over metered connections. Wengi husubiri sauti irudi yenyewe, na haitarudi.

Kama jina la Realtek au Conexant halipo kabisa, hata baada ya kubonyeza Scan for hardware changes, ingia BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya msingi ya mashine, wakati mashine inawaka: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Tafuta palipoandikwa Audio, uhakikishe pamewashwa. Pakiwa pamewashwa na chipu bado haionekani, huenda chipu imekufa.

Kabla ya kuruhusu Windows ipigwe upya, omba kitu kimoja: mashine iwashwe kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, bila kuingizwa kwenye diski. Mafundi wengi wanayo. Sauti ikitoka kwenye Linux, vifaa vyako vyote ni vizima na sasa kupiga Windows upya kuna maana. Isipotoka, kwa laptop ya zamani ni dalili nzito ya kifaa kibovu. Kwa mpya sana haithibitishi kitu, maana huenda Linux hiyo haiijui chipu bado.

Tundu la hedifoni na hewa yetu

Ndani ya tundu la milimita 3.5 kuna ulimi mdogo wa chuma unaosukumwa na ncha ya hedifoni. Ukisukumwa, laptop inajua hedifoni zimeingia na inazima spika. Ulimi ukiganda ulikosukumwa, laptop huamini hedifoni zimo ndani hata kama tundu ni tupu. Dalili yake ni rahisi: bofya alama ya spika bila kuchomeka chochote. Ikiandika Headphones, umempata mwizi wako.

Kwa nyumba zinazotazama bahari huku Mtwara na Lindi, kama Shangani, Mikindani au Lindi mjini, upepo huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huotesha kutu ya kijani kwenye shaba. Ukipanda Newala na Tandahimba, chumvi inapungua na vumbi jekundu linashika zamu. Kisha kuna salfa. Unga unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga huifanya shaba na fedha kuwa nyeusi, na metali hizo ndizo zinazopatikana kwenye pini na swichi. Mfuko wa salfa usilale chumba kimoja na laptop, hata ukiwa umefungwa kamba.

Kutibu tundu, zima mashine, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Ukiona kipande kinang'aa kimekaa katikati, ni ncha ya hedifoni iliyokatikia humo. Usiisukume kwa sindano, itaingia zaidi na kukunja ulimi. Hiyo ni kazi ya kufungua.

Kama ni tupu, chomeka na uchomoe hedifoni mara 15 hadi 20, ukiizungusha kidogo kila inapofika mwisho. Msuguano huo hukwangua kutu na mara nyingi hutosha. Usipotosha, sokota pamba nyembamba kwenye kijiti cha meno, idondoshee tone moja la alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi, isugue ndani, kisha chomeka na uchomoe tena mara kumi. Spiriti ya duka la dawa ya 70% ina maji, kwa hiyo ukiitumia acha mashine saa kadhaa ikauke kabla ya kuiwasha. Usitie mafuta, petroli wala manukato. Mafuta hukamata vumbi, na baada ya wiki chache tundu linakuwa baya kuliko lilivyokuwa.

Tundu lisilotibika hubadilishwa. Kwenye laptop nyingi liko kwenye kibao kidogo cha saketi cha pembeni pamoja na matundu ya USB, kimeungwa na utepe. Hapo hubadilishwa kibao chote bila kuchomelea. Likiwa limechomelewa kwenye mazabodi, tafuta fundi mwenye mashine ya hewa moto ya kuchomelea na mkono uliozoea.

Spika zenyewe

Ukifungua, kitu cha kwanza kuchomoa ni waya wa betri kwenye mazabodi. Fuata waya wa spika mpaka kwenye soketi yake, kwa kawaida yenye pini nne, mbili kwa kila spika. Kwanza ichomoe na uirudishe kwa kuikaza: laptop iliyoanguka au iliyosafiri kwenye barabara mbovu huweza kuwa imelegea hapo tu.

Kisha pima. Chomoa soketi, weka multimita kwenye 200 ohm, gusa pini mbili za spika moja. Spika nzima husoma karibu 4, nyingine karibu 8. Ikisoma 1 upande wa kushoto au OL, waya mwembamba wa ndani umekatika. Huna multimita? Gusa pini hizo kwa betri ya saa ya 1.5 V, mguso wa sekunde moja tu. Spika nzima itatoa mlio mfupi na ngozi yake itaruka.

Spika inayokwaruza bado ina uhai, lakini ngozi imechanika au vumbi la chuma limenasa kwenye sumaku. Spika za laptop huvumilia wati moja au mbili. Programu za kupandisha sauti hadi 300% hazikuzi chochote cha maana. Huikata sauti vilele na kuuchemsha waya wa ndani mpaka unaungua. Kama shughuli ina watu ishirini, toa sauti kwa waya kwenda kwenye spika kubwa.

Ukinunua spika, nakili namba iliyo kwenye lebo ya ile ya zamani, si jina la laptop tu, maana modeli moja inaweza kuwa na aina mbili. Nunua kushoto na kulia pamoja, na linganisha urefu wa waya na matundu ya skrubu kabla ya kulipa.

Chipu iliyokufa haina haja ya kukufanya ununue mazabodi. Kadi ya sauti ya USB, ile ndogo yenye tundu la hedifoni, hufanya kazi yake bila kuingiza draiva yoyote kwenye Windows 10 na 11. Ichomeke, ichague kama Default Device kwenye mmsys.cpl, na ile ya zamani, kama bado inaonekana, uizime kwa Disable ili Windows isiirudie kila unapowasha. Laptop ikiwa na matundu mawili ya USB tu, ichomeke upande ambao hautumii kwa mausi, kwa sababu ikigongwa mara kwa mara na mkono, tundu la USB nalo litalegea.